Mwaka Tuliokausha Bwawa

Bwana Fidelis tulimzika Alhamisi, huko Kinole, juu kidogo ya shamba lake la mdalasini, na mvua ilitunyeshea tangu kanisani mpaka kaburini. Nilipewa nafasi ya kusema neno kwa niaba ya tuliofanya naye kazi. Nilisema alikuwa mtu wa kazi, mcheshi, mpenda ndege, na kwamba chochote ninachojua kuhusu ndege alinifundisha yeye. Yote ni kweli. Nikarudisha kipaza sauti, nikakaa, na mama mmoja aliyekuwa nyuma yangu akamnong'oneza mwenzake, "Huyu marehemu si ndiye yule aliyeua ndege wote wale kwa tamaa ya mchuzi?" Mwenzake akaguna. Nilisikia vizuri sana, nikakaza macho kwenye udongo kana kwamba sikusikia. Ningeweza kusimama tena, kwa sababu kipaza sauti kilikuwa bado hakijazimwa. Sikusimama. Mimi ni mtu mzima, nina miwani ya kusomea na vidonge vya presha, na bado naogopa kusema kitu nilichopaswa kukisema nikiwa na miaka ishirini na miwili. Baada ya mazishi Editha, mtoto wa pekee wa marehemu, alinishika mkono. "Dada Stazia, usiondoke leo. Kaa mpaka tuanue matanga. Nataka unieleze baba alikuwaje kazini, maana hapa nyumbani alikuwa hasemi." Nikamwambia nitakaa. Nimekaa siku tatu. Kila alipokuja nimemsimulia jinsi baba yake alivyokuwa akimwigiza tausi, akacheka mpaka machozi yakamtoka, akaondoka, na mimi nikabaki na lile lingine kifuani.

Bustani ya wanyama tuliyofanyia kazi ilikuwa ya mtu binafsi, pale mji wa Morogoro unapoishia na mawe ya mlima yanapoanza. Haikuwa kubwa. Ilikuwa na simba mmoja mzee aliyelala kutwa nzima, fisi wawili, nyani wasio na adabu, na ndege. Wageni walikuja kwa ajili ya simba, wakaishia kukaa kwa ndege, kwa sababu ndege angalau walikuwa macho. Sehemu ya juu, yenye vibanda vya kuezekwa, walikaa kasuku, hondohondo na bundi. Sehemu ya chini kulikuwa na bwawa na uwanja wa nyasi, na huko ndiko waliishi bata, tausi, kanga, na korongo taji wawili ambao Bwana Fidelis aliwaita Sista na Padri. Sista alipewa jina hilo kwa mwendo wake, anavyonyanyua mguu na kuuweka chini taratibu kama anayepita katikati ya watu wanaosali. Alikuwa ametotolewa kwenye mashine yetu, akakataa kula, na Bwana Fidelis akamchukua nyumbani kwake, chumba cha kupanga kule Mji Mpya, akamlea ndani ya boksi la sabuni karibu na jiko. Mkewe, Mama Editha, ndiye aliyemlisha kwa mkono miezi ile yote, yai lililopondwa na dagaa waliosagwa, huku akilalamika kwamba ameletewa mke mwenza mwenye miguu mirefu kuliko yeye. Sista aliporudishwa bustanini, mama yule alilia barabarani mchana kweupe. Jumapili baada ya misa alikuwa anapita kumsalimia, na korongo yule alikuwa akimkimbilia kwenye wavu na mabawa wazi.

Mwaka ule redio zilianza kusema habari za mafua ya ndege. Mwanzoni ilikuwa nchi za mbali, kisha zikawa nchi tunazozijua majina, kisha ikasemwa kwamba bata wa porini wanaohama wanaweza kuyabeba na kuyaacha popote wanapotua kunywa maji. Sisi tulikuwa na bwawa. Daktari Mwanaidi, daktari wetu wa mifugo, mwanamke wa Tanga mwenye sauti ya chini asiyependa kurudia jambo, alitukusanya kwenye chumba cha kuandalia chakula na kusema, "Kuanzia kesho geti limefungwa. Bwawa linakaushwa." Tukadhani anatania. Tulilikausha kwa pampu na ndoo, siku tatu, mpaka likabaki tope lenye chupa za soda za miaka mingi. Yangeyange, wale ndege weupe wa porini, walikuja kama kawaida yao, wakasimama ukingoni wakiangalia lile tope, kama waumini waliokuta kanisa limefungwa. Tuliwafukuza kwa kugonga masufuria. Tulitandaza wavu juu ya uwanja wote wa chini, wavu wa matundu madogo hata shomoro asipite, na bata wakahamishiwa kwenye banda la zamani la farasi. Chakula hakikuwekwa tena nje. Kila mlango uliwekewa beseni la dawa la kutumbukiza miguu, na kila banda likapewa gambuti zake, za kanga zikiwa na alama ya rangi nyeupe, za korongo bluu, ili tope la huku lisiende kule. Chumba chetu cha kubadilishia nguo kilichorwa mstari mwekundu sakafuni, na benchi likawekwa juu ya mstari. Unakaa upande wa nje, unavua viatu vya nyumbani, unazungusha miguu hewani bila kukanyaga, unaishusha upande wa ndani kwenye gambuti. Bwana Fidelis, na tumbo lake kubwa, alikuwa akizungusha miguu huku akiguna kama anayejifungua, na sisi wengine tukimpigia makofi.

Naandika haya nikicheka, na najua kwa nini. Nikiacha kucheka nitafika kwenye kuku.

Maana amri kubwa kuliko zote ilikuwa ya kuku. Mtu anayehudumia ndege asifuge kuku nyumbani, asiguse kuku hai, asiingize bustanini kuku wala yai wala unyoya. Tuliweka sahihi. Mama Editha alikuwa na kuku kumi na mmoja wa kienyeji nyuma ya nyumba ile ya kupanga, wenye majina, na aliwagawa wote kwa dada yake siku moja. Nilikuwepo. Aliwafunga miguu wawili wawili kwa kamba za mgomba, akampa dada yake, akasimama mlangoni akijifuta mikono kwenye kanga yake, na kumwambia mumewe, "Nimegawa kuku wangu kwa ajili ya ndege wa watu. Sasa uwalinde kwelikweli." Bwana Fidelis akamjibu, "Nimegawa hata usingizi, Mama Editha," na kweli, kuanzia wiki ile yeye na mimi tulihamia bustanini, yeye kwenye chumba cha mashine ya kutotolea, mimi kwenye stoo ya pumba, ili tusiwe tunaingia na kutoka. Chakula tulipikiwa na Mama Shani, mama lishe ambaye kibanda chake kilikuwa getini na wageni wake wote walikuwa wamekatika. Alihamishia masufuria yake ndani ya ukuta. Ilikuwa ugali na mchicha, ugali na dagaa, ugali na maharage, kisha ugali na mchicha tena. Tulikaa kwenye magunia ya pumba tukala na kuzungumzia vyakula vingine. Bwana Fidelis alikuwa na kawaida ya kupika kuku kwa maneno. Alianza kumchoma manyoya, akaja kwenye nazi, akaja kwenye pilipili manga mbichi ya kwetu Kinole, na akifika kwenye paja Mama Shani alimrushia mwiko.

Mwezi wa pili wa kufungiwa nilipewa ruhusa ya siku moja kwenda Kinole kumwona mama yangu mkubwa, aliyeumwa mguu. Nilimkuta uani, mguu juu ya kigoda, anamenya magimbi. Nyuma ya jiko lake kulikuwa kimya, na kimya kile nilikitambua hata kabla ya kukaa. "Shikamoo mama mkubwa. Kuku wako wapi?" "Marahaba mwanangu. Kideri kimepita," akasema, bila kuacha kumenya. "Kwa Mzee Anselmi hakijaacha hata kifaranga. Mimi nimebakiwa na tetea huyu mmoja." Watu wa huko wote wanakijua kideri. Kila mwaka kinapita, kuku wanapindisha shingo, wanaharisha kijani, wanakufa, na kila mtu anafanya kile kile, yaani yule anayesimama bado anachinjwa au anauzwa au anapewa mgeni kabla hajaanguka, ili asipotee bure. Nilipoaga, tetea yule alikuwa tayari amefungwa miguu. "Huyu wako. Unaonekana umekonda huko kwenye ndege wenu." Nikasema, "Mama mkubwa, kazini wamekataza." Akaniangalia. Aliniangalia kwa namna ambayo mtu wa kwetu hahitaji kuelezwa. Kukataa kuku wa mama yako mkubwa mgonjwa, kuku wa mwisho bandani, ni kumwambia ama unamwona mchawi ama unamwona maskini. Nikampokea kwa mikono miwili. Nikashukuru. Ningeweza kumwacha njiani, ningeweza kumpa yeyote pale Mkuyuni, na yeyote angenishukuru. Lakini nilikuwa nimekula mchicha miezi miwili, na nilikuwa na hamu ya kumwona Bwana Fidelis akifurahi. Nikamtia kwenye kikapu, nikamfunika kwa majani ya mgomba na ndizi juu yake, nikapita naye getini.

Mama Shani alipofunua kikapu alisema, "Wewe mtoto, una wazimu?" Kisha akaweka maji jikoni. Nilimnyonyoa mwenyewe. Manyoya na utumbo nikaviweka kwenye mfuko, nikatafuta mahali pa kuzika, na kwa kuwa nilikuwa na haraka Meneja wa bustani asinione, nilizika penye udongo laini, karibu na wavu wa kanga, kina cha kiganja tu. Bwana Fidelis alikuja kula saa saba mchana. Alisimama mlangoni, akavuta pumzi, akaniangalia mimi, akamwangalia Mama Shani. Nilisubiri anifokee, kwa kuwa alikuwa mkubwa wangu na amri ile aliisoma yeye mwenyewe mbele yetu. Akakaa kwenye gunia lake. Akasema, "Sitauliza." Akala paja, akala na lile la pili, akavunja mifupa na kufyonza, na mchana ule sote watatu tulikuwa na furaha ambayo hatukuwahi kuwa nayo tangu geti lifungwe. Nimekula karamu nyingi tangu hapo, za harusi na za vipaimara. Sijui kama kuna chakula nilichowahi kukifurahia kama kile, na nasema hivyo kwa aibu.

Siku ya tatu, nikiwa nimevaa gambuti za alama nyeupe, nilikuta manyoya ndani ya banda la kanga. Walikuwa wamechokora chini ya wavu. Manyoya ya kahawia yenye ncha nyeusi, ya tetea wa mama mkubwa, na kipande cha utumbo kimekauka. Niliyaokota moja moja, nikayatia mfukoni, nikaenda kuyatia motoni jikoni. Sikusema. Niliosha mikono kwa dawa mpaka ngozi ikapauka, kana kwamba mikono yangu ndiyo iliyokuwa na shida. Kuanzia hapo nilianza kuamka alfajiri, naenda kuwahesabu kanga kabla hata ya kunawa uso. Siku nne walikuwa wote wazima, nikaanza kujiambia nimejitisha bure. Siku ya tano mmoja alikuwa amejikunyata pembeni, na shingo imepinda.

Kwa siku tatu zilizofuata walikufa kanga tisa na tausi wawili. Daktari Mwanaidi alikuja amevaa mavazi meupe ya kujifunika mwili mzima, akachukua sampuli, akazifunga kwenye barafu zikapelekwa Dar es Salaam, na majibu, alisema, yangechukua wiki au zaidi. Jumatatu alituita chumba cha kuandalia chakula, Meneja, Bwana Fidelis, mimi na wenzetu watatu wa upande wa simba. Alikuwa hajalala, ilionekana. Alisema maneno ambayo nayakumbuka neno kwa neno. "Kwa dalili hizi linaweza kuwa jambo moja kati ya mawili. Inaweza kuwa kideri. Kideri hakiji na upepo hapa, kinaletwa na kuku au na kitu cha kuku. Au ni mafua ya ndege, yaliyoletwa na kinyesi cha ndege wa porini kinachopita kwenye matundu ya wavu. Kama ni mafua, siwezi kusubiri majibu. Itabidi tuwaue wote wa sehemu ya chini kabla hayajapanda juu, na kabla hayajatufikia sisi wenyewe. Sasa nauliza. Kuna yeyote aliyeshika kuku? Kuna yeyote aliyeingiza kuku humu? Kama yupo, aseme tu. Nitawatenga hawa nisubiri majibu. Sitamfanya chochote." Meneja akadakia, "Mimi nitamfanya. Atatoka leo leo."

Nilikuwa naangalia meza. Ilikuwa meza ya bati, na juu yake kulikuwa na papai lililokatwa vipande vya hondohondo. Nilihisi Bwana Fidelis ananiangalia kutoka upande wa pili. Niliinua macho, na kweli alikuwa ananiangalia, jasho limemtoka juu ya mdomo. Nikasubiri aseme. Yeye ndiye mkubwa, yeye ndiye aliyekula paja. Nikajiambia akisema tu, nami nitasema. Simba alikohoa huko nje. Daktari akafunga daftari lake. "Basi," akasema, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyekuwa na tumaini moja likamponyoka, "ni Jumatano."

Jumanne nzima sikuzungumza na Bwana Fidelis wala yeye hakuzungumza na mimi. Tulipishana kwenye lile benchi la mstari mwekundu, mmoja anazungusha miguu kuingia, mwingine kutoka, tukaangaliana magoti. Jumatano asubuhi nilimfuata Daktari Mwanaidi kwenye gari lake. Nilikuwa nimekwisha kuamua, naapa. Alikuwa na simu sikioni. Nikasema, "Daktari, naomba nikwambie kitu." Akainua kidole kuniambia nisubiri, akaendelea na simu, kisha akafunika simu kwa kiganja na kusema, "Baadaye, Stazia, tafadhali. Baadaye." Na mimi nikashukuru. Hilo ndilo jambo ninalotaka liandikwe wazi kuliko yote. Nilishukuru, nikageuka, nikaenda kuvaa gambuti.

Walianza na kanga waliobaki, kisha tausi, kisha bata. Watu wa kuua walikuwa wanne, wamevaa meupe, na walifanya haraka kwa heshima, siwalaumu. Kwenye bwawa kavu kulikuwa kumechimbwa shimo na kuni zimepangwa. Korongo waliachwa mwisho kwa sababu walikuwa wakikimbia na hakuna aliyeweza kuwashika. Padri alinaswa kwa wavu wa mkono baada ya kuhangaika sana. Sista alikimbilia kona ya juu, akapiga kelele yake ile, akajigonga kwenye nyaya mpaka lile taji lake la dhahabu likaingia damu. Mmoja wa wale watu akasema, "Huyu atajivunja. Hakuna mtu anayemjua?" Bwana Fidelis akavua barakoa yake. Daktari akamwambia aivae, hakuvaa. Akachuchumaa katikati ya uwanja, akaita kwa ile sauti aliyomwitia tangu akiwa kwenye boksi la sabuni, sauti ya mama anayembembeleza mtoto mchanga, na Sista akaacha kupiga kelele. Akaja. Alikuja kwa ule mwendo wake wa taratibu, mguu juu, mguu chini, mpaka akaingia katikati ya mikono yake na kulaza shingo begani. Nilisimama hatua kumi kutoka pale. Mdomo nilikuwa nao. Neno moja lingetosha, "Subirini," na sikulitamka. Bwana Fidelis aliinua uso juu ya mgongo wa ndege yule, akanitazama mimi, siyo wale watu, siyo Daktari. Kisha akainama, akamshika vizuri ili asiumie, akawaambia, "Fanyeni."

Majibu yalikuja siku ya tisa. Ilikuwa kideri. Daktari Mwanaidi aliyasoma kwa sauti ile ile ya chini, kisha akakaa, akavua miwani na kulia mbele yetu bila kujificha. Ndege wote wale wangeweza kutengwa, wagonjwa wangekufa, wazima wangebaki, na korongo hawakuwa na dalili hata moja. Meneja alipiga meza. Nani aliingiza kuku? Mama Shani, aliyeitwa kutoka jikoni, aliniangalia akaanza kufungua mdomo. Bwana Fidelis akasema, "Mimi. Nilileta mimi, nikamwomba Mama Shani anipikie. Nilikuwa na hamu ya nyama." Hakuna aliyeshangaa. Wote walikuwa wamemsikia akipika kuku kwa maneno miezi miwili. Aliondoka siku ile ile na godoro lake kichwani, na mimi nilikuwa nimekaa umbali wa mkono mmoja kutoka kwake, naangalia gambuti zangu.

Nilimfuata Kinole baada ya wiki tatu, walikuwa wamehama chumba kile cha Mji Mpya. Mama Editha alinipa chai, hakuitikia salamu yangu sawasawa, na hakukaa. Alimwekea mumewe kikombe chini, siyo mkononi. Tukashuka wawili mpaka kwenye mdalasini, na huko nikapiga magoti kwenye majani nikalia, nikamwambia nitakwenda kwa Meneja nikaseme. Alikuwa ameshika kisu cha kuchunia magome. "Jumatatu ile nilikusubiri useme," akaniambia. "Nami nilikusubiri wewe," nikasema. "Najua. Nilikuona." Akachuna gome moja mpaka chini kabla ya kuendelea. "Ningeweza kukukemea pale mlangoni pa jikoni, nikasema sitauliza. Basi ni yangu. Na wewe ukisema sasa, watakufukuza nawe. Wale wa juu watabaki na nani? Kasuku, bundi, wale hondohondo wenye yai? Hakuna mwingine anayejua kuwalinda. Rudi kazini, Stazia. Ulinde waliobaki, na mdomo wako ufunge." Nikarudi. Nimefanya kazi ile miaka karibu ishirini. Mafua ya ndege yametajwa tena na tena, nimefunga geti, nimetandaza wavu, nimewafukuza yangeyange, nimewafundisha vijana kuzungusha miguu juu ya benchi, na sijapoteza tena ndege hata mmoja kwa namna ile. Watu hunisifu kwa ukali wangu. Nimejificha nyuma ya amri ya Bwana Fidelis miaka yote hiyo, na ilinifaa sana kuwa ni amri.

Leo tumeanua matanga. Wageni wameondoka, na mimi na Editha tumebaki uani tunaosha masufuria ya wali. Nimemwambia. Nimeanza na tetea wa mama mkubwa nikaenda moja kwa moja mpaka kwenye mdalasini, sikuruka kitu, hata lile la kushukuru. Aliendelea kusugua kwa majivu muda wote niliokuwa nikizungumza, kisha akaacha, mikono ndani ya maji.

"Mama alijua?"

"Hapana."

"Hakuna aliyemwambia?"

"Hakuna."

Akageuka kuitazama nyumba. "Mama alilala chumba kile," akasema, akionyesha kwa kidevu, "na baba akalala kule stoo ya mahindi. Tangu tulipohamia huku. Alimpikia, alimfulia, hakumwita tena kwa jina mpaka mama mwenyewe alipokufa. Alikuwa akisema mtu aliyemla Sista hawezi kulala kitandani kwangu. Mimi nilikua nikidhani ndivyo wazazi wanavyoishi." Akatoa mikono majini, akajifuta. Hakuwa na hasira usoni, na ningependa angekuwa nayo. "Lakini wewe ulikuja kumzika mama. Nakumbuka. Ulikaa naye hata siku zile za mwisho, ukamlisha uji. Ulikuwa peke yako naye chumbani."

Nikamwambia ndiyo, nilikuwa peke yangu naye.